Krismasi ya Mwaka Jana Iliishia kwa Kelele. Mwaka Huu Twende Marangu?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa safu hii.

Naishi Kimara, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wetu watatu. Mume wangu ni wa pili kati ya watoto watano, kwao ni Marangu. Baba mkwe alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama mkwe yupo nyumbani na kitinda mimba wake. Kila Desemba lazima tupande Kilimanjaro. Mnajua wenyewe, Mchaga asiyeonekana nyumbani Krismasi huulizwa kama anaumwa au amefungwa.

Mwaka jana kaya nne tulio mjini tulichanga 350,000 kila moja, jumla 1,400,000, akapokea shemeji mkubwa, ambaye naye anaishi hapa hapa Dar, Tegeta. Mchana wa Krismasi, watu wameshakunywa, mume wangu akauliza mbele ya wageni kwa nini mbuzi ni mmoja wakati tulikubaliana wawili. Shemeji akajibu kwamba mwenye haki ya kumhoji ameshazikwa. Kumbe lilikuwa na mzizi. Miezi michache kabla, shemeji alikuwa ameng'oa masale, mimea inayooteshwa mpakani, kati ya kipande chake cha kihamba (shamba la ukoo) na kile ambacho baba alimwonyesha mume wangu, akamwaga mawe ya kujengea ukuta. Likatoka lote pale mezani. Mama akalia, wageni wakaaga mmoja mmoja, sisi tukafunga mizigo usiku uleule. Tangu hapo wamekutana mara moja tu, msibani, na hawakusalimiana.

Mimi nimeokoka, familia ni Walutheri. Asubuhi ya siku ile nilikwenda kusali peke yangu kanisa letu la Himo, nikarudi nikakataa kisusio (supu yenye damu) na mbege (pombe ya ndizi). Sasa wifi zangu wanasema mimi ndiye niliyemjaza mume wangu maneno, na kwamba wokovu wa mjini umevunja nyumba. Mke wa shemeji amenitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Mama mkwe amepiga simu. Anataka watoto wote wawe mezani Krismasi hii, "kama bado ninyi ni Wakristo". Mume wangu anasema hakanyagi mpaka kaka yake amwombe radhi. Nimefunga, nimeomba, njia siioni. Je, twende? Na tukienda, nifanye nini yasijirudie?

Mama Gloria, Kimara

*

Amina, Mama Gloria.

Nendeni. Ila ugomvi huu usiusubirishe mpaka Krismasi, kwa sababu tarehe 25 ndiyo siku mbaya kuliko zote za kupatanisha watu. Nyumba imejaa, mama yuko jikoni tangu alfajiri, watu wamesafiri zaidi ya kilomita 500, pombe ipo, na kila anayefungua mdomo anasikilizwa na ukumbi mzima. Mtu mzima akikosolewa mbele ya watu hutetea heshima yake kwanza, ukweli baadaye. Ndicho kilichotokea mwaka jana. Swali la mbuzi lilikuwa la haki, lakini liliulizwa mahali ambapo haliwezi kujibiwa.

Mumeo anasubiri aombwe radhi. Msomee Mathayo 5:23-24 polepole, mkiwa wawili tu. Anayeambiwa aiache sadaka mbele ya madhabahu akapatane kwanza ni yule anayekumbuka kwamba ndugu yake "ana neno juu" yake. Shemeji ana neno juu ya mumeo: alidaiwa hesabu mbele ya wageni, nyumbani kwa marehemu baba yake. Kisha msomee Mathayo 18:15, ambapo ndugu amekukosa wewe. Hapo napo amri ni enenda, "wewe na yeye peke yenu". Kwa hiyo awe amekosa au amekosewa, anayetakiwa kuinuka ni yeye. Na kwa mila za kwao pia, mdogo kumfuata mkubwa hakumpunguzii kitu. Mkubwa kumfuata mdogo ndiko kunakotafutiwa mshenga.

Aende Tegeta kabla ya Desemba kufika katikati. Aende mchana, nyumbani kwa kaka yake, si baa na si Ijumaa jioni. Aende bila wewe, na aombe kuongea na kaka bila mke wake. Asitume ujumbe wa sauti, maana ujumbe wa sauti husikilizwa na watu sita na kila mmoja husikia lake. Maneno yenyewe yawe machache: "Kaka, siku ile nilikuuliza habari za fedha mbele ya wageni na mbele ya mama. Nilikukosea. Nisamehe." Hapo anyamaze. Ugumu wote uko kwenye kunyamaza, kwa sababu ulimi utataka kuongeza "lakini na wewe", na radhi iliyofuatwa na lakini huwa ni mashtaka mapya. Kaka akimwaga ya moyoni kwa nusu saa, asikilize. Asipoomba radhi yeye, si lazima aiombe siku hiyo; mumeo alikwenda kutoa yake, hakwenda kukusanya deni.

Suala la mpaka lisiguswe kabisa Tegeta, zaidi ya kuomba tarehe: "Mambo ya kihamba tukae na mama na baba mdogo tarehe 28 asubuhi." Nitalirudia.

Kuna jambo la sale ambalo wewe uliyeokoka huenda litakusumbua. Kwa Wachaga, jani la sale likipelekwa na mzee kwa aliyekosewa ni ombi la msamaha, na aliyepelekewa huona uzito mkubwa kulikataa. Ndiyo mmea uleule uliokuwa mpakani. Kama mama au baba mdogo atashauri mumeo apeleke sale kwa kaka yake, usilipinge. Hapo haliombwi jani wala marehemu, ni mtu anamwomba mtu. Tambiko la kaburini ni jambo jingine, na hilo una haki ya kukaa nalo mbali. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyekaa miaka mingi Old Moshi mwanzoni mwa karne ya 20, alishikilia kwamba Injili ikifika Uchagani isiukanyage undugu wa ukoo na ujirani. Mengi aliyoyaandika yanabishaniwa hadi leo, lakini kwa hili tuko upande wake.

Sasa wewe. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Usimtetee mumeo kwa wifi zako, wala usiwaeleze upande wenu wa habari ya mawe. Kila neno utakalosema litarudi Marangu likiwa limeota mkia. Kazi yako ni mbili tu kabla ya safari. Ya kwanza, mpigie mke wa shemeji. Usiombe kurudishwa kundini, mwulize watoto, mwulize mwaka huu nani analeta nini, umalize simu ndani ya dakika tano. Ya pili, mpigie mama mkwe, umweleze mapema yale yanayokuhusu kiimani, ili yasimshtue mbele ya wageni.

Mwambie hivi: "Mama, damu sitakula na mbege sitakunywa, lakini nitakoroga, nitapakua na nitawapa wageni chakula kwa mikono yangu. Na ibada ya Krismasi nitasali na wewe." Kisusio kina damu, na Matendo 15:29 inataja damu kati ya mambo ya kujiepusha nayo, kwa hiyo msimamo wako una mahali pa kusimama. Lakini ukikataa bakuli mezani kwa uso uliokunjamana, mwenyeji anasikia kwamba chakula chake ni najisi. Ukikataa wiki tatu kabla, kwa simu, atakutengea supu kabla damu haijaingia kwenye chungu, na hakuna atakayegundua. Kuhusu mbege, usiwahesabie wengine vikombe. Paulo anaandika katika Warumi 14:17 kwamba ufalme wa Mungu si kula wala kunywa, na aya hiyo inakubana wewe usiyekunywa kama inavyombana anayekunywa.

Kusali peke yako Himo siku ya Krismasi, tunakwambia bila kuficha, kuliwaumiza kuliko ulivyodhani. Mama mjane huingia kanisani siku ile akiwa na watoto wake nyuma yake, na majirani wanaangalia nani yupo. Kaa naye kwenye benchi la KKKT, kanisa lao la Kilutheri, tarehe 25. Baada ya ibada, mnada wa sadaka ukianza na mkungu wa mama ukanadiwa, mpe mumeo ishara aununue. Himo nenda tarehe 26 au Jumapili, ukiwa umeaga.

Fedha. Mwaka jana mtu mmoja alipokea, alinunua, na alijihesabia mwenyewe. Hata malaika akipewa kazi hiyo atashukiwa. Paulo alipokuwa akipeleka mchango Yerusalemu alitaka wajumbe waliochaguliwa na makanisa wafuatane naye, ili asije mtu akawalaumu (2 Wakorintho 8:19-21). Mwaka huu mmoja apokee, mwingine anunue. Shemeji mkubwa aendelee kupokea, kwa sababu kumvua kazi hiyo ni kumtangazia kwamba ni mwizi. Mmoja wa wifi zako anunue. Kila mchango uingie kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki, na risiti zipigwe picha siku hiyohiyo. Mwisho wa kuchanga uwe tarehe 10 Desemba. Asiyeweza kiasi kilichopangwa aseme kiasi chake kwa anayepokea tu, si kundini. Kitinda mimba asidaiwe fedha. Kuni, maji, ndizi na kumlisha mbuzi wiki mbili ni mchango, na uandikwe hivyo kwenye hesabu.

Anzeni kwa kuhesabu midomo, ndipo mzungumzie mbuzi. Mkiwa watu 22, mbuzi mmoja wa kilo 30 akiwa hai hutoa nyama kama kilo 13 pamoja na mifupa, ambayo inawatosha kwa siku moja mkiwa na ndizi na wali. Wageni wa mchana ndio wanaofanya mbuzi mmoja apungue, na Uchagani wageni wa Krismasi hawana orodha. Wekeni wa pili, au kuku sita wa akiba. Mchele kilo 3 kwa mlo mmoja unatosha watu hao. Weka pembeni asilimia 10 ya fedha yote kwa dharura, gesi ikiisha au mtoto akiugua. Ikibaki, apewe mama, na hilo likubaliwe kabla. Kugawa nyama mwachieni shemeji mkubwa. Kila kiungo kina mwenyewe kwa mila, na mkubwa akinyang'anywa kisu, hata kwa kumsaidia, vita vimeanza upya.

Jikoni nako kuna moto ambao wanaume hawauoni. Wakamwana wa mjini hufika tarehe 24 jioni, wakakuta wa nyumbani amechoka, wakakaa kuchaji simu. Fikeni tarehe 22. Pangeni zamu ya asubuhi na ya jioni, watu wazima wawili wawili, na usipangwe na wifi mnayenuniana naye siku ya kwanza; mpangwe siku ya tatu, mkiwa mmeshazoeana tena. Toeni fedha kidogo mwajiri binti wawili wa jirani kuosha vyombo tarehe 25 na 26. Ni fedha ndogo kuliko zote katika bajeti na ndiyo inayookoa maneno mengi. Martha hakukosea kupika (Luka 10:40). Alichemka kwa sababu aliachwa peke yake, kisha akalalamika mbele ya mgeni.

Ibada ya nyumbani jioni iwepo, dakika 15, mama aongoze au amteue mtu. Zaburi moja, wimbo, sala. Tunakuonya wewe hasa, kwa sababu walokole tuna ugonjwa huu: usitumie sala kumsema mtu. Ukiomba "Bwana, ondoa roho ya tamaa katika nyumba hii" shemeji akiwa amefumba macho mita mbili kutoka kwako, hujaomba, umemtukana mahali ambapo hawezi kukujibu. Omba kwa ajili ya afya ya mama, shule za watoto, mvua, na waliosafiri. Ya shemeji mwombee chumbani, kwa jina, kimya.

Hata mkipanga hivyo, tarehe 25 mchana mtu atachokoza. Pengine hatakuwa shemeji, atakuwa mjomba aliyekunywa, akiuliza "hivi ule mpaka mlimalizana?" Mumeo awe na sentensi moja tayari, ileile kila mara: "Hilo tumelipangia tarehe 28, mjomba." Kisha ainuke, akatazame moto au akachukue maji. Asibaki amekaa, kwa sababu anayebaki amekaa hujibu. Wewe ukimwona hajainuka, mwite kwa jambo la mtoto. Kubalianeni na wifi mmoja anayeelewana na pande zote kwamba watoto watatolewa nje sauti zikipanda. Wale watatu wako waliona ya mwaka jana. Na shemeji au mtu yeyote akinyanyua mkono, ondokeni kwa usiku huo mkalale Himo au Moshi mjini. Kusamehe hakumlazimishi mtu kulala chini ya paa moja na anayetaka kumpiga.

Tumefika tarehe 28. Katika Luka 12:13-14 mtu anamwomba Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi, naye anajibu: "Ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Kisha anaonya juu ya choyo. Hakusema urithi usigawanywe. Alikataa kugeuzwa fimbo ya ndugu mmoja. Kwa hiyo mchungaji asiitwe kuamua mpaka. Anaweza kufungua kikao kwa sala na kuondoka.

Kikao kianze saa 4 asubuhi, chai tu mezani. Wawepo mama, watoto wote watano wakiwemo wifi zako walioolewa, baba mdogo, na mzee mmoja jirani aliyeujua mpaka baba akiwa hai. Wakamwana msiwepo, wewe ukiwa wa kwanza kubaki jikoni. Ajenda ziwe mbili, zisiongezwe ya tatu: nani awe msimamizi wa mirathi, na mpaka ukae vipi mpaka mirathi ifunguliwe. Siku hiyo msigawe chochote. Familia nyingi hukosea hapo. Huitisha kikao, hugawa shamba kwa mdomo, na miaka mitano baadaye kila mtu anakumbuka mgao wake. Kwa la pili, pendekezo linalokubalika kirahisi ni kwamba ukuta usimame ulipofika, mawe yasiondolewe wala kuongezwa, na baba mdogo na jirani wapande sale pale wanapokumbuka lilikuwepo. Mama asiulizwe "wewe unasemaje kati ya hawa wawili". Aulizwe tu marehemu alisema nini na lini.

Aandike mmoja, isomwe kwa sauti, wote wasaini na tarehe iwepo. Muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo ndivyo mtakavyoenda navyo mahakama ya mwanzo Januari kufungua mirathi. Mwelewane mapema kwamba msimamizi si mwenye mali. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kurudisha taarifa mahakamani, na anapewa miezi 4 kufanya hivyo. Kama shemeji mkubwa atachaguliwa, mumeo asione ameshindwa. Msimamizi anayefanya kazi mbele ya mahakama hawezi kung'oa masale usiku.

Na shemeji akikataa kumpokea mumeo Tegeta? Ajaribu mara ya pili baada ya wiki moja, akiwa na baba mdogo au mzee wa kanisa anakosali kaka yake, kama Mathayo 18:16 inavyoelekeza. Akikataa tena, mumeo ametimiza lake: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote" (Warumi 12:18). Mnakwenda hivyohivyo, kwa muda mfupi zaidi. Fikeni tarehe 24 asubuhi, ondokeni 26 baada ya chai, kikao cha kihamba kisogezwe Pasaka, na mama aelezwe sababu na mumeo mwenyewe, si na wewe. Tiketi za basi za kurudi zikatwe pamoja na za kwenda, kwa sababu wiki ile kupata siti za watu watano kwa siku mnayoitaka ni bahati, na mwaka jana mlishaona ilivyo kutafuta usafiri wa ghafla usiku.